Weka Chini Hiyo Kapsuli: Uyoga Haukulindi na Mzinga

Wiki mbili zilizopita nilipata ujumbe kwa inboksi. Kuna kampuni, sitaitaja jina, ilitaka niwafanyie video ya sekunde 45. Nishike kiboksi cha kapsuli za uyoga mkono mmoja, glasi mkono wa pili, nitabasamu, halafu niseme maneno waliyoniandikia: "Wikendi ni yako, ini tuachie sisi." Malipo elfu ishirini. Linki naweka kwa bayo, na kila mtu akinunua kupitia linki yangu napata kitu kidogo juu.

Elfu ishirini, wasee. Mimi ni mtu wa Katangi. Kwetu hiyo pesa ni karo ya mtoto, ama mabati ya jikoni kwa susu. Sitawadanganya ati sikuifikiria. Niliifikiria usiku mzima.

Asubuhi nikakataa. Na juu sipendi kukataa kimyakimya halafu mwenzangu achukue hiyo kazi kesho, nimeamua kuandika. Ni ndefu. Kama uko na haraka, chukua hii uende: hakuna uyoga, kapsuli, unga wala kahawa ya uyoga ambayo imethibitishwa kukinga ini la binadamu dhidi ya pombe. Hakuna. Anayekuambia iko anakuuzia ruhusa ya kunywa.

Kama uko na dakika kumi, kaa hapo nikuambie vile najua.

Mimi ndiye nilinunua kiboksi cha kwanza

Anko alikuwa fundi wa mawe. Nyumba nyingi ukipita pale Katangi, ukuta ni wake. Mtu wa stori, mtu wa mkono mwepesi, na mtu wa chupa. Zikiwa nzuri ni bia, zikiwa mbaya ni kile kitu cha bei rahisi kinachouzwa nyuma ya nyumba ya mtu. Hiyo haikuwa siri kwa familia. Ilikuwa tu jambo ambalo hakuna mtu alitaka kuwa wa kwanza kulitaja.

Mwaka juzi akaanza kupungua mwili huku tumbo linaongezeka. Akisema ni gesi. Macho yakaanza kuwa na rangi ya manjano, akisema ni vumbi ya simiti. Wengine wakaanza kunong'ona ati amerogwa. Mimi nikiwa Nairobi, mjuaji wa familia, nikaona video. Jamaa mwenye wafuasi wengi kuliko wapiga kura wa Yatta anasema reishi imesafisha ini la babake. Nikatuma 3,800. Nikapiga simu nikiwa na furaha kabisa: "Anko, dawa inakuja na matatu, chukua kwa steji."

Alifurahi kuliko mimi. Unajua kwa nini? Kwa sababu hiyo dawa haikumwambia aache. Ilimwambia aongeze kijiko. Asubuhi kijiko, jioni kijiko, na katikati akaendelea na mambo yake. Mtu akimuuliza kuhusu hospitali anasema, "Niko kwa dozi." Miezi mitano alikuwa kwa dozi. Mwezi wa sita alitapika damu usiku, na tulipofika hospitali daktari alituuliza swali moja tu: alikuwa wapi wakati huu wote?

Alikuwa kwa dozi.

Tulimzika Agosti. Na hii ndiyo sehemu inanikeketa: matanga hayajaisha, nikamwona binamu yangu, miaka 22, anatoa kapsuli mbili mfukoni, anazimeza, halafu anapokea kikombe. Nikamuuliza ni za nini. Akacheka. "Za ini, bro. Sitaki kuenda kama Anko."

Hapo ndipo nilielewa hii biashara vile inafanya kazi.

Sayansi inasema nini kwa haki yake

Sitaki kuwa mtu wa kupiga kelele bila kusoma, kwa hivyo wacha nianze na kile kilicho kweli.

Ni kweli uyoga umefanyiwa utafiti kuhusu ini na pombe. Reishi, ambao wanasayansi wanauita Ganoderma lucidum, uko hapo. Uyoga wa chaza, ule mweupe kama sikio unaouzwa sokoni, uko hapo. Kule Taiwan kuna uyoga mmoja wa kwenye miti, Antrodia cinnamomea, ambao watu wa huko wameutumia tangu zamani kwa ulevi na magonjwa ya ini, na wanasayansi wao wameuchunguza sana. Kwenye maabara, mengi ya matokeo yanapendeza.

Lakini uliza: matokeo ya nani? Ya panya.

Utafiti mwingi wa aina hii unaenda hivi. Unachukua panya, unawagawanya vikundi. Kikundi kimoja kinapewa pombe peke yake. Kingine kinapewa dondoo ya uyoga na pombe. Baadaye unapima damu. Ini likiumia, vimeng'enya viwili, ALT na AST, vinavuja kutoka kwa chembe za ini na kuingia kwenye damu. Wale panya waliopewa uyoga, mara nyingi vimeng'enya vyao havipandi sana kama vya wenzao. Basi mtafiti anaandika: dondoo hii inaweza kuwa na uwezo wa kukinga ini. Soma tena hayo maneno. Inaweza. Kuwa na uwezo. Huyo mtafiti ameongea kwa adabu yake. Anayekuja nyuma yake na kiboksi ndiye anafuta "inaweza" na kuandika "inakinga".

Sasa, tofauti ya huyo panya na binamu yangu ni ipi? Panya anapewa dondoo iliyopimwa kwa uzito wa mwili wake, na mtu anayejua kilichomo. Panya anapewa pombe safi ya maabara kwa siku au wiki kadhaa, si miaka kumi na tano ya kitu kisichojulikana kimetengenezwa na nini. Panya halali njaa siku mbili ndio apate pesa ya kinywaji. Panya hana hepatitisi B ambayo hajawahi kupimwa. Na panya hali mahindi yenye kuvu, jambo ambalo nitalirudia hapa chini, kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote.

Hata kwa magonjwa ambayo reishi umejaribiwa kwa binadamu, majibu hayajafurahisha wauzaji. Mwaka 2015 shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya tafiti na kuzipima pamoja, lilichapisha tathmini ya reishi kwa watu wenye kisukari na hatari ya magonjwa ya moyo. Ushahidi uliokuwepo haukuunga mkono kuutumia kutibu kisukari cha aina ya pili. Huo ndio uyoga uliosomwa kuliko karibu wote. Na wewe unauzwa kapsuli ya aina tano zimechanganywa.

Halafu kuna hii ambayo haiko kwenye video. Mwaka 2004 madaktari wa Hong Kong waliripoti mgonjwa ambaye ini lake liliumia baada ya kutumia bidhaa ya unga wa reishi. Mwaka 2007 madaktari wa Thailand wakaripoti mgonjwa aliyekufa kwa ini kushindwa ghafla, na walichohusisha nacho ni unga huo huo. Ni kesi chache, na watu wengi wametumia reishi bila hayo. Sisemi kila kapsuli ni sumu. Nasema ini ndilo linachuja kila kitu unachomeza, hata hiyo "kinga" yenyewe. Ukiwa na ini lililochoka, unaliongezea kazi halafu unaliita kulisaidia.

Neno "kinga" ndilo mtego

Tuongee vile pombe inafanya. Ukimeza, ini linaivunja kwanza iwe kitu kinaitwa asetaldehaidi. Hicho ndicho sumu, hicho ndicho kinachoma chembe za ini. Baadaye inavunjwa tena iwe kitu kisicho na shida. Ukinywa haraka kuliko ini linavyoweza kumaliza kazi, sumu inabaki inazunguka. Mafuta yanajaa kwenye ini. Ukiendelea, linavimba. Ukiendelea zaidi, linapata makovu, na kovu halifanyi kazi ya ini. Damu ikikosa kupita kwenye hayo makovu inarudi nyuma, tumbo linajaa maji, mishipa ya koo inavimba mpaka inapasuka. Hiyo ndiyo damu Anko alitapika.

Na haya yote yanaendelea kimya. Ini halikuambii mapema. Siku macho yanageuka manjano, hilo si onyo la kwanza, ni la mwisho mwisho.

Sasa angalia uzuri ambao hakuna mtu anautangaza kwa sababu hauna linki: hatua ya kwanza, ile ya mafuta, ini linaweza kupona lenyewe. Ukiacha kunywa, ndani ya wiki chache mafuta huanza kuondoka. Bure. Hakuna kijiko. Katika hiyo hatua, dawa ni kuacha. Na hatua hiyo ndiyo vijana wengi wanaokunywa kila wikendi wanaweza kuwa nayo bila kujua.

Kwa hivyo mtu akikupa kapsuli katika hatua hiyo na kukuambia "endelea tu, uko sawa", amekunyang'anya ule muda ambao ungekuokoa. Pesa yako ni kitu kidogo, muda ndio mali. Anko hakuuawa na unga wa uyoga. Pombe ndiyo ilimuua. Lakini unga ulimnunulia miezi mitano ya kutoenda hospitali, na mimi ndiye nililipa.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku hizi tumepata njia mpya ya kuficha maradhi: tunayaficha nyuma ya kiboksi chenye picha ya majani ya kijani.

Na unajua unakinga nini?

Hizi bidhaa zinaongea kana kwamba kila mtu anakunywa divai kwenye roshani ya hoteli. Njoo Ukambani uone tunachokunywa.

Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walikufa Nairobi kwa pombe haramu iliyokuwa na methanoli. Juni 2005 ikawa zamu yetu hapa Machakos: zaidi ya watu 40 walikufa kwa pombe iliyochanganywa na methanoli, na wengine wakapoteza macho. Mei 2014 ikapiga kaunti kadhaa kwa mpigo, Kitui na Makueni zikiwemo. Februari 2024 ikawa Kirinyaga, kijiji cha Kangai, zaidi ya watu 10.

Methanoli mwilini inageuka kuwa asidi ya fomiki, na hiyo asidi inashambulia mshipa wa macho na ubongo. Mtu anaamka asubuhi akiuliza mbona taa zimezimwa. Kapsuli ya "ini" itafanya nini hapo? Hata kama uyoga ungekuwa na miujiza yote inayosemwa, ungekuwa umefunga mlango wa mbele na mwizi ameingilia dirishani.

Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu Mkenya mmoja kati ya wanane, wa umri wa miaka 15 hadi 65, anatumia pombe. Hiyo ni zaidi ya watu milioni 3. Ukiwa muuzaji, hao si wagonjwa. Hao ni soko.

Kuvu ambalo Ukambani inapaswa kulijua

Hapa ndipo nataka mnisikilize sana, hasa nyinyi wa nyumbani.

Uyoga ni nini? Ni tunda la kuvu. Ni jamaa wa ile kuvu inayoota kwenye mkate na kwenye mahindi. Na kama kuna sehemu ya dunia hii ambapo kuvu na ini vina historia, ni hapa kwetu. Lakini si historia ya kukinga.

Mwaka 1981, wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali za wilaya ya Machakos wakiwa na ini lililovimba ghafla. Walikufa 12. Sababu ilikuwa aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus kwenye mahindi.

Mwaka 2004 ikarudi kwa nguvu. Makueni, Kitui, Machakos, Thika. Watu 317 waliugua, 125 wakafa. Mahindi yalikuwa yamevunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu, mengine ndani ya nyumba. Watu walikuwa na njaa, wakala walichokuwa nacho. Wazazi wetu wanakumbuka. Muulize mama yako kuhusu 2004, uone vile uso utabadilika.

Novemba 2019, KEBS ikazuia chapa 5 za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini. Kwa hivyo usijidanganye ati ni mambo ya kijijini. Hiyo ugali yako ya Umoja na Kayole iko kwenye hii hadithi pia.

Aflatoksini haitoki kwa kupika. Unaweza kuchemsha isyo kutoka asubuhi mpaka jioni, sumu iko hapo. Kukoboa mahindi kuwa muthokoi kunaipunguza, hakuimalizi. Ukila nyingi kwa mara moja inaua kwa siku chache. Ukila kidogo kidogo miaka mingi inaleta saratani ya ini. Ukiongeza hepatitisi B, hatari inapanda sana. Ukiongeza pombe juu, unalipiga ini lile lile kutoka pande tatu.

Sasa nielezeni. Tuko mahali ambapo kuvu halisi, lenye majina na makaburi, linaingia kwenye sufuria zetu. Gunia la kuhifadhi lisilopitisha hewa halifiki bei ya shilingi mia tano. Turubai ya kuanikia mahindi unanunua mara moja unatumia misimu kadhaa. Na bado tunatuma 3,800 Nairobi kununua kuvu lingine kwenye kiboksi, la kulinda ini ambalo kuvu la kwanza linalila bila kusumbuliwa. Nilimnunulia Anko unga wa uyoga, na sikuwahi kumuuliza mahindi yake aliyaweka wapi. Nilienda kuangalia baada ya mazishi. Yalikuwa kwenye gunia la plastiki, chini kwenye udongo, kona ya nyumba inayovuja.

Najua mtakachoandika kwa komenti

"Wachina wametumia reishi miaka elfu mbili." Sawa. Watu pia wametumia tumbaku miaka mingi. Umri wa desturi unakuambia watu waliipenda, haukuambii ilifanya kazi gani. Na hao wazee wa China hawakuandika popote kwamba umeze mbili halafu ufungue mzinga.

"Lakini ni kitu cha asili, haiwezi kudhuru." Kuna uyoga wa asili kabisa, Amanita phalloides, ambao unaua kwa kuharibu ini. Australia mwaka 2023 watu 3 walikufa baada ya chakula cha mchana kilichowekwa huo uyoga, na mwaka 2025 mwanamke aliyewapikia akahukumiwa kwa mauaji. Na kuna mwingine, Coprinopsis atramentaria, ambao ukila kisha unywe pombe unazuia ile asetaldehaidi isivunjwe. Unageuka mwekundu, moyo unaenda mbio, unatapika. Huo uyoga unaihusu pombe kweli kweli, lakini si vile ulitarajia! Asili haina habari na wewe.

"Shosh wangu alikula uyoga wa kichuguu na akafika miaka 90." Na wangu pia. Susu bado anausubiri mvua ikinyesha, anaupika na chumvi na kitunguu, na ukikosa kuenda mapema unakuta sahani tupu. Huo ni chakula. Mboga nzuri, ina protini, kula. Lakini shosh yako hakuumeza ndio akalewe. Aliula ndio ashibe.

"Mimi nilitumia na nikajisikia poa." Nakuamini. Anko pia alijisikia poa, mpaka usiku ule. Ini halina tabia ya kulalamika, nimesema. "Kujisikia poa" si kipimo. Kipimo ni damu, na kinafanywa maabara.

"Una wivu tu na wenye wanapata madili." Bro, hilo dili lilikuja kwangu.

Kwenu wenzangu wa kamera

Hapa sitapunguza sauti.

Mwaka 2025 sera mpya ya taifa kuhusu pombe na dawa za kulevya ilipendekeza umri wa kunywa upande kutoka 18 hadi 21, na watu maarufu na wanamitandao tuzuiwe kutangaza pombe. Wengi wetu tulipiga kelele. Ati wanatuua njaa. Sawa, tubishane kuhusu hiyo sera siku nyingine. Lakini angalia ile video niliyoitiwa: kapsuli mkono mmoja, glasi mkono wa pili. Hilo ni tangazo la nini? Hiyo ni pombe imeingia kwa mlango wa nyuma ikiwa imevaa koti la daktari.

Mnajua wanaowatazama ni nani. Mnaona kwenye takwimu za akaunti zenu, wengi ni wa miaka 18 hadi 24, na wengine wamedanganya umri. Mtoto wa kidato cha nne kule Ikombe hajui tofauti ya "utafiti wa panya" na "imethibitishwa". Anajua tu kwamba wewe, anayekupenda, umesema iko salama. Ukipokea elfu ishirini kwa hayo maneno, sema umeuza nini. Ulichouza ni imani yake kwako. Uyoga ulikuwa kisingizio tu.

Na msiniambie "nimeandika ni tangazo". Uongo uliowekewa lebo bado ni uongo.

Kama unataka kutangaza bidhaa yoyote ya afya, kuna maswali matatu ya kumuuliza anayekutumia pesa. Moja: Bodi ya Dawa na Sumu imeisajili kama nini, na namba iko wapi? Mbili: utafiti ulifanywa kwa binadamu wangapi, na ulichapishwa wapi? Tatu: kwenye kiboksi, yale maandishi madogo ya chini yanasema nini? Kile cha Anko nilikisoma vizuri baada ya mazishi. Kiliandikwa kwamba bidhaa hii haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Walijilinda. Yule hawakumlinda ni yeye.

Mimi niliuliza hayo maswali matatu kwa inboksi. Jibu lilikuwa: "Tunaweza kuongeza mpaka elfu 25."

Basi tufanye nini?

Sitakuacha na hasira tu. Haya hayana linki, na mengi hayana bei.

Kama unakunywa, punguza, na uwe na wiki nzima nzima ambazo hunywi kabisa. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya. Sikuhubirii. Nakupa taarifa, chaguo ni lako, lakini chagua ukijua.

Kama wewe au mtu wako anakunywa kila siku na akikosa anatetemeka, asiache ghafla akiwa peke yake nyumbani. Anaweza kupata degedege. Aende kituo cha afya asaidiwe. Namba ya NACADA ni 1192, ni ya bure. Unapiga hata bila kredito.

Kapime ini na hepatitisi B. Chanjo ya hepatitisi B iliingia kwenye chanjo za watoto Kenya mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hivyo kama umezaliwa kabla ya hapo kuna uwezekano mkubwa hukuipata. Uliza.

Usimeze parasetamo nyingi kutuliza hangova. Parasetamo ikizidi inaumiza ini, na ini la mnywaji linaumia upesi zaidi.

Mahindi: yaanike juu ya turubai, si kwenye udongo. Yakauke vizuri kabla ya kuweka. Gunia likae juu ya mbao, si chini. Yaliyoota kuvu tupa, usipe kuku, usipe ng'ombe, na tafadhali usimpe anayepika pombe. Ndio, wako wanaofanya hivyo, na mnawajua.

Na kama moyo wako uko kwa uyoga kabisa, upande. Chuo cha JKUAT pale Juja kinatoa mbegu na mafunzo. Uyoga wa chaza unaota kwenye mabua na mabaki ya maharagwe, vitu ambavyo kwetu tunachoma. Uuze kama mboga, kwa bei ya mboga, na usimdanganye mtu. Hiyo ni biashara naweza kutangaza bure.

Binamu yangu tuliongea. Haikuwa rahisi, na sitadai ameacha. Lakini juzi tulienda kupimwa pamoja, mimi na yeye, tukisubiri kwenye benchi kama watoto wa shule. Aliniuliza kama bado niko na hasira naye kwa ajili ya yale ya matangani. Nikamwambia hapana. Hasira yangu ilikuwa kwa yule aliyemtumia Anko kiboksi cha kwanza, na huyo ni mimi.

Susu bado ameweka lile kopo la unga. Anatumia kuhifadhi mbegu za ndengu. Anasema ndiyo kazi ya kwanza ya maana limefanya.

Kama uko na msee ambaye ako na kiboksi kama hicho, mtumie hii. Usimcheke. Mwambie mwende mkapimwe.